Maharage ya Mzee wa Kanisa

Mimi nimeshtuka mara nyingi katika maisha yangu, lakini aliyenishtua zaidi ya wote hakuwa mwizi wala mchawi. Alikuwa mzee wa kanisa. Jina lake silitaji. Wa kwetu wanamjua, na ambaye hamjui, jina halitamsaidia kitu. Sisi tulimwita Mzee tu, na ukisema Mzee kuanzia barabara ya lami mpaka juu kwenye msitu wa Meru, watu wanajua unamsema nani.

Alikuwa na koti jeusi. Vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Jua la Januari linawaka, watu wanajipepea na vitabu vya nyimbo, yeye jasho linamteremka masikioni na koti halifunguliwi. Nikamwuliza siku moja, Mzee, hilo koti halikuchomi? Akasema linamchoma. Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Ndivyo alivyokuwa, unamwuliza kitu anakujibu kile kile ulichouliza, basi, mengine ukatafute mwenyewe.

Sasa niwaambie nilivyomjua upande wa pili, maana upande wa kanisa kila mtu aliujua. Mimi nilikuwa napika chai kwenye gereji moja kule Themi. Gereji ya Singasinga, mzee mwenye kilemba na ndevu nyeupe mpaka kifuani, ambaye Mzee wa Kanisa alimfanyia kazi ya kutunza spea tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Mafundi walikuwa wananiita Mama Chai. Jumamosi gereji inafungwa mchana, na mimi nilikuwa naondoka mapema. Wiki moja Singasinga akaniambia, Mama Chai, leo kaa kidogo, tuna mgeni nyuma, tuletee chai.

Nikaenda na birika langu. Nyuma ya gereji kuna banda la mabati, wanawekaga injini mbovu. Nikaingia. Nikamkuta Mzee na koti lake, amekaa juu ya ndoo ya rangi, ameshika karata.

Jamani. Huyu mtu Jumapili ya nyuma yake alisimama mbele ya usharika mzima akawasema vijana kuhusu mikeka, ile michezo ya simu ya kubahatisha magoli. Aliwasema mpaka wengine wakatoka nje. Na leo karata hizi hapa, zimejipanga mkononi kama mtu aliyezaliwa nazo. Nikasema, "Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Yangu usiweke tangawizi," akasema.

Hakuzificha. Mtu mwingine angezikalia. Yeye akaniangalia, akaangalia birika, akarudi kwenye karata zake.

Walikuwa watatu. Yeye, Singasinga, na Mama Vitambaa wa Kaloleni, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Katikati yao kulikuwa na ungo, ungo huu huu wa kupepetea, na ndani ya ungo kulikuwa na maharage. Si hela. Nilichungulia vizuri nione hela, sikuiona hata ya kununulia kiberiti. Kila mtu ana kifuko chake cha maharage, anachota anatupa kwenye ungo. Singasinga mchezo ule aliletewa na binamu yake wa ng'ambo, akawafundisha wenzake, na wote wawili wakampita.

Na mwisho wa mchezo, sheria ilikuwa moja. Anayechukua ungo mkubwa wa siku ndiye anayepika. Mahindi yanakuwa jikoni tangu asubuhi, yakiiva maharage yanaingia, wanakula makande wote, aliyeshinda na aliyeshindwa. Kwa hiyo ukishinda unapewa mwiko. Niliona Singasinga na kilemba chake anapuliza mkaa, Mama Vitambaa amekaa miguu juu ya tairi anamwambia, "Chumvi, bosi, chumvi, umeshinda hujui hata kuweka chumvi?"

Baadaye na mimi nikaingia mchezoni. Mnashangaa nini? Mimi niliishia darasa la pili, lakini kuhesabu mpaka nane najua, na ule mchezo hautaki zaidi ya hapo.

Mzee ndiye alinifundisha. Alisema, Mama Chai, kila mtu anapata karata saba, ila haziji kwa mpigo. Mbili za kwanza zinalala, unaziona mwenyewe. Nne zinafuata moja moja, zinakaa wazi, kila mtu anaziona. Ya mwisho inalala tena. Kila ikitoka karata wazi watu wanaweka maharage, ukiona hupawezi unajitoa, ulichoweka kimekwenda. Mwisho unachagua tano zako bora katika saba.

Sasa hapo ndipo penye mambo. Ungo unagawanywa. Nusu anachukua mwenye karata kubwa, na nusu anachukua mwenye karata ndogo kabisa. Lakini hizo ndogo ziwe tano tofauti, na isiwepo hata moja inayozidi nane. Ikizidi nane huna ndogo, umebaki unatoa macho. Na kuna ree, ile karata yenye alama moja katikati. Ree inahesabiwa kubwa na inahesabiwa ndogo. Ni kama shemeji anayekula kwenu mchana na kwao jioni, kote anakaribishwa.

Siku ya kwanza nimekaa nyuma yake najifunza, nikaona amepewa wafalme wawili chini. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Wafalme wawili, bwana. Yeye akawatazama, akatazama mezani, akawatupa.

"Mzee, wafalme hao," nikasema.

"Nimewaona."

"Sasa mbona unawatupa?"

"Tazama mezani. Bosi ana karata ya tatu wazi. Huyu mama ana ya nne wazi. Wote wanateremka kwenye ndogo. Nikikaa na wafalme wangu napigania nusu tu. Halafu mmoja wao akipata zinazofuatana, ananinyang'anya na hiyo nusu."

"Kwa hiyo wewe unataka nini?"

"Ndogo. Ree, mbili, tatu. Zinaingilia mlango wa chini, na zikikubali zinatokea juu. Hapo unazoa ungo wote."

Mama Vitambaa akacheka. "Huyu mzee anapenda vidogo kuliko mama mkunga."

Yeye hakucheka. Usoni kwake hapakuwa na kitu. Singasinga akipata karata nzuri ndevu zilimcheza. Mama Vitambaa akipata nzuri alinyamaza, na akipata mbaya alihadithia habari za dukani. Mzee ulikuwa huwezi kumsoma. Wengine wakipewa karata wanaangalia zao, yeye anaangalia nyuso za wenzake kwanza, zake anaziacha chini kama hazimhusu. Na karata zilizotupwa alizikumbuka zote. Unangoja mbili ya kopa, anakuambia, "Mama Chai, mbili ya kopa alishaitupa bosi, jitoe ukaangalie mahindi." Ukibisha, unakwisha.

Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa moja, na hiyo nawaomba muishike, maana ndiyo iliyoniumiza kichwa baadaye. Alisema, ukiwa na nusu yako ya hakika, angalia mko wangapi. Kama wenzio ni wawili wanagombania nusu nyingine, sukuma maharage, ongeza, maana wao wawili wanakulisha wewe. Lakini mkibaki wawili tu, wewe na nusu yako, yeye na nusu yake, acha. Unaweka konzi, anaweka konzi, mnagawana, kila mtu anaondoka na konzi yake. Mmetoka jasho bure.

Mtu wa namna hii ukampeleke kwenye mnada wa kanisa, jamani.

Kwetu Jumapili baada ya ibada, vitu watu walivyotoa kama sadaka ya mazao, mkungu wa ndizi, mayai, maparachichi, jogoo, vinapigwa mnada pale nje. Mpiga mnada alikuwa katibu wa baraza la wazee, kijana kwa Mzee, mtu wa tai na viatu vya kung'aa hata kwenye tope la masika. Mzee anasimama pembeni na koti lake. Akiletwa jogoo, na wenye mashamba wawili wenye kiburi wanamtaka, Mzee anaongeza. Wanapanda. Anaongeza tena. Wanapanda tena, wanatazamana kwa hasira. Akishaona wamefika pale ambapo aibu haiwaruhusu kurudi, ananyamaza, anaanza kukagua viatu vyake. Wale wawili wanamalizana, kanisa linafaidika. Lakini ikiletwa trei ya mayai na anayetaka ni mjane mmoja tu, Mzee hafungui mdomo. Katibu atapiga kelele, "Nani anaongeza, Mzee wetu upo?" Mzee anatazama mlima.

Nilimwambia kule nyuma ya gereji, Mzee, wewe kanisani unacheza karata bila karata. Akasema chai imepoa.

Nikamwuliza pia kuhusu vijana na mikeka. Maana lilinikaa kooni, kusema kweli. Nikamwambia, Mzee, wale unawasema na wewe uko hapa. Akasema, "Kule huoni karata ya mtu hata moja. Unacheza na ukuta. Na ukuta hauli na wewe." Halafu akasema, "Haya nayala." Nikaona amejibu nusu. Nusu nyingine hakuwa nayo. Hata yeye alijua, maana siku ile aliondoka mapema na makande hakuyamaliza.

Alikuwa mgumu vile vile. Sukari nyumbani kwake ilifungiwa kabatini, na ufunguo kwenye koti. Watoto wakipiga mluzi Jumapili aliwafukuza na fimbo. Lakini mkewe alipougua, alimfulia nguo zake zote mwenyewe pale mferejini, mbele za watu, mzee wa kanisa na kanga za mke mabegani, na aliyecheka alitazamwa mpaka akaacha.

Na mke yule alipofariki ndipo nilijua Mzee anaogopa nini duniani. Alizikwa vizuri mama yule. Kengele ilipigwa, tukaisikia mpaka bondeni. Kwaya iliimba mvua ikanyesha, wakaimba ndani ya mvua. Alilazwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani kati ya migomba, na tulipokuwa tunarudi Mzee akanishika mkono, mtu ambaye hashiki mkono wa mtu. Akasema, "Mama Chai, na mimi nataka hivi hivi. Kengele, kwaya, na nilale hapa pembeni yake. Kingine sitaki."

Maana kwetu, asiyejua ajue, ukitengwa na kanisa ukafa kabla hujarudishwa, kengele haipigwi. Majirani wanakuchimbia, wanakufukia, wanakwenda kunywa chai. Kwaya haikanyagi. Alishaona mtu kafukiwa hivyo, na tangu siku ile hakuwahi kupita karibu na lile kaburi.

Sasa ngoja niwaambie ile Jumapili.

Jumamosi yake Mzee alizoa ungo wote. Ree, mbili, tatu, nne, tano, zinazofuatana, juu zake na chini zake. Lakini siku hiyo makande hayakupikwa, Mama Vitambaa alikuwa na msiba kwa ndugu zake, akaondoka mbio. Singasinga akasema, Mzee, maharage haya chukua yasioze. Akachukua ungo akaumimina kwenye mfuko, haraka haraka, maana ndivyo alivyofanya kila kitu. Mzee akapanda nayo mlimani. Na Jumapili asubuhi akaona, mimi na mahindi yangu ya peke yangu nitafanya nini na maharage yote haya, akayapeleka kanisani kama sadaka ya mazao.

Mnada ukaanza. Ndizi zikaenda, mayai yakaenda, jogoo akaenda. Ikaja mifuko ya maharage, ipo mingi imefanana, hujui ya nani. Katibu akashika mmoja, akasema tuone kama yamechambuliwa, akamimina kwenye sinia.

Ikaanguka ree ya kopa.

Ilianguka imetazama juu. Nyekundu, katikati ya maharage, mbele ya mchungaji. Nilishika mdomo kwa mikono yote miwili. Watu wakanyamaza mpaka ukamsikia yule jogoo aliyenunuliwa anakwaruza. Katibu akaiokota kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Nani," akasema, "ameleta maharage ya kamari mbele za Mungu?"

Hakuna aliyejua. Hiyo ndiyo naomba mfikirie. Mifuko ilikuwa imefanana, hakuna aliyejua, na mimi nisingesema hata kwa fimbo. Mzee alikuwa na karata iliyolala kifudifudi, angeiacha ilale.

Akatoka kule pembeni alikosimama. Vifungo vimefungwa. Akasema, "Hiyo ni yangu. Naomba nirudishiwe, pakiti haichezeki bila hiyo."

Nikajifunika uso na kanga.

Wakamwita kwenye baraza la wazee, baraza ambalo yeye mwenyewe alikuwa na kiti. Mchungaji alikuwa kijana mpole, anajikuna kichwa, hataki. Katibu ndiye alitaka. Na mimi nikaitwa shahidi.

Katibu akaniuliza, "Mama, walikuwa wanacheza kamari?"

"Walikuwa wanacheza maharage."

"Nani alikuwa anachukua hayo maharage?"

"Wote. Yanapikwa, yanaliwa. Hata wewe ulikula."

"Mimi?"

"Siku ulipoleta gari lako linavuja oili. Ulikula sahani mbili, ukaomba na ukoko."

Wazee wakacheka, mmoja akakohoa kwa muda mrefu. Katibu uso ukamwiva. Na hapo nikakumbuka, siku ile ya gari na sahani mbili mimi na Mzee tulisikia kitu. Katibu alikaa juu ya tairi na simu yake, akashika kichwa, akasema peke yake, "Goli moja tu. Goli moja limenichania mkeka." Tulisikia wote wawili. Katibu, mwenye tai, mikeka.

Basi nikamtazama Mzee. Nikasema moyoni, haya, sasa, ifunue. Akanitazama. Akatikisa kichwa hivi, kidogo sana. Nikafunga mdomo.

Wakamtenga. Akaambiwa atakaa benchi la nyuma, hatashiriki chakula cha Bwana, mpaka siku atakaposimama mbele ya usharika aseme amekosa na ameacha. Akasema amesikia.

Nilimfuata njiani nikiwa nawaka. "Mzee, kwa nini hukumsema? Ulikuwa umemshika."

"Ningemtoa, tungekuwa nje wawili."

"Si ndiyo sawa."

"Mkibaki wawili, Mama Chai, nilikuambia nini?"

"Basi simama useme umeacha. Neno moja. Kengele yako je?"

Akasema, "Sijaacha. Nitasemaje nimeacha?"

Mtu anayeweza kukuficha karata tatu zilizolala bila kukunja uso, anashindwa kusema uongo mmoja wa kumrudisha kanisani. Mimi nilichoka kumwelewa.

Basi akakaa benchi la nyuma, pamoja na wasichana waliopata mimba na mzee mmoja wa pombe. Jumapili hadi Jumapili, koti, vifungo. Jumamosi, gereji. Kwenye mnada akaendelea kuongeza kwenye jogoo na kunyamaza kwenye mayai, na katibu akawa anaangalia upande mwingine lakini bei anazisikia. Kisha Mzee akaanza kukohoa. Akaacha kushuka Themi. Daktari wa kule mjini akasema moyo umechoka, apumzike, na sisi tukajua daktari anasema nini.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa hivi.

Singasinga aliendesha pikapu yake mwenyewe mpaka mlimani, na Mama Vitambaa mbele, ameshikilia ungo mapajani. Maharage walinunua ya Nduruma. Mimi nilikuwa nimeshachemsha mahindi tangu asubuhi. Tukamkalisha Mzee barazani kwake, kwenye kiti chenye mito, karibu na migomba. Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya koti. Singasinga alikuwa anajaribu kuchanga karata na zinamwanguka. Si uzee. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Bosi," Mzee akasema, "unalowanisha ree."

Ndipo katibu akatokea kwenye njia ya migomba. Tai, viatu, Biblia kwapani. Akatuona, akaona ungo, akasimama.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Pita."

"Nimetumwa na mchungaji." Hakujua aweke wapi mikono. "Anasema, kwa hali hii, huna haja ya kusimama kanisani. Niambie mimi neno moja tu hapa hapa, kwamba umeacha. Nitaandika. Kila kitu kitakuwa kama kawaida. Kengele, kwaya, kila kitu."

Nikashika ukingo wa kiti cha Mzee. Kengele yake hiyo hapo, ilikuwa imeletwa mpaka barazani. Nikasema moyoni, sema, baba, sema tu.

Mzee akasema, "Unajua kucheza?"

"Mimi?"

"Kaa. Ukimaliza mchezo mmoja na mimi, nitakujibu."

Nilitegemea ageuke aondoke. Akatazama nyuma kama kuna mtu anamwona. Akaweka Biblia juu ya dirisha, taratibu, akakaa kwenye ndoo. Mama Vitambaa akamsogezea maharage. "Chukua, kijana. Hayaumi."

Mzee akamweleza kwa maneno machache, na nikaona yule mtu ameelewa haraka sana kuliko mtu asiyejua kamari. Singasinga akagawa. Katibu akawekewa mfalme wazi, halafu mfalme mwingine, halafu tisa, halafu jaki. Mzee akawekewa mbili, nne, saba, na malkia. Singasinga akajitoa. Mama Vitambaa akajitoa. Nami nilijitoa mapema, nina nane na kumi, za nini.

Wakabaki wawili. Na kila mtu pale aliona. Katibu na wafalme wake wawili hawezi kuwa na ndogo, karata nne kubwa ziko wazi. Mzee na vidogo vyake hana wafalme. Nusu yako, nusu yangu. Kanuni inasema acha.

Mzee akachota konzi akatupa kwenye ungo.

Nikasema, "Mzee." Akachota konzi nyingine. Katibu naye, jasho juu ya mdomo, akaweka zake. Mzee akaongeza. Katibu akaongeza, sasa macho yanamwaka, tai ameilegeza. Wakaongeza mpaka vifuko vikaisha, mpaka Mzee akakung'uta kifuko. Sijawahi kumwona anavunja kanuni yake. Nilijua ugonjwa umefika kichwani.

"Funua," akasema.

Katibu akafunua. Wafalme wawili, chini hana la maana. Juu zake. Mzee akafunua. Ree na tano. Ree, mbili, nne, tano, saba. Chini zake.

Singasinga akagawanya ungo kwa kiganja. Katibu akarudishiwa lundo lake, Mzee lundo lake, na vipunje vichache vya sisi tuliojitoa.

Katibu akatazama lundo lake. Akatazama la Mzee. "Ni yale yale," akasema.

"Ni yale yale," Mzee akasema. "Mimi na wewe tumesukumana kwa nguvu zote, na kila mtu amebaki na maharage yake. Ndivyo tulivyo tangu ile Jumapili."

Halafu Mama Vitambaa akakumbuka sheria. Akasema, "Haya, ungo mkubwa ndio huu. Wameshinda wote wawili. Wakapike."

Wakapika, jamani. Mimi nilikatazwa kugusa. Katibu wa baraza la wazee alichuchumaa kwenye jiko la mafiga na viatu vyake vya kung'aa, anapuliza, majivu kwenye tai, na Mzee tukamsogeza na kiti chake mpaka mlangoni pa jiko, ungo mapajani, anachambua mawe.

Maharage yalichemka mpaka jua likageuka. Katibu amekaa kwenye moshi hatoki. Ghafla akasema, bila kumtazama mtu, "Mzee, mimi nina mkeka. Hata leo. Mpira uko jioni."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu sahani ya pili."

Katibu akageuka. "Na kwenye baraza ulinyamaza?"

"Ilikuwa imelala. Karata ya mtu iliyolala siifunui mimi."

Yule mtu akafuta macho, na moshi ulikuwa mwingi lakini si wa kiasi kile. Akachukua mwiko. Akasema, "Hilo neno sitaki uniambie. Jumapili nasimama mimi. Nasema la kwangu kwanza. Halafu nasema maharage haya nimecheza na nimeyapika, na wakikuacha wewe nje, waniache na mimi. Kwenye benchi la nyuma kuna nafasi. Na siku ikifika, Mzee, kengele ile naivuta mimi mwenyewe kwa mikono hii. Mchungaji akatae akitaka."

Singasinga alivua miwani. Mama Vitambaa, mama wa kicheko, aliweka mtandio mdomoni. Na katibu mwenyewe alikuwa amesimama na mwiko juu, anangoja, kama mtoto anayengoja kuambiwa amefanya vizuri.

Mzee akafungua kifungo kimoja cha koti. Cha juu kabisa, cha shingoni. Sijawahi kukiona kimefunguliwa.

"Siku haijafika," akasema. "Koroga, yanashika chini."